Uji wa Wakati wa Mvua

Mongina aliolewa na mwanamke. Kabla hujacheka, sikiliza kwanza, maana huku kwetu Merigi hilo si jambo la kuchekwa. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume, mumewe akishafariki, ana ruhusa ya wazee kuoa. Anapeleka ng'ombe kwa wakwe kama mwanamume mwingine yeyote, anafanyiwa sherehe, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye bwana wa boma. Watoto atakaowazaa mke wake ni wa boma hilo, wanabeba jina la marehemu, na shamba halitoki nje. Baba aliyetia mimba hatajwi wala hatafutwi. Kila mtu anamjua, na kila mtu amemsahau.

Ndivyo Rodah, mjane wa Johana arap Chumo, alivyoshuka Kisii na wazee wawili akarudi na Mongina, binti Ratemo. Mongina alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa amechuna chai ya watu tangu atoke shule, na kwao walishaanza kumtazama kama gunia lililosahauliwa sokoni. Kwa Rodah alipata nyumba ya mbao yenye mabati mapya, ng'ombe wa kukamua, na shamba la chai lililoanzia mlangoni likateremka hadi mtoni. Wenzake walimcheka. Alipowaangalia vizuri aliona wengi wao wana waume wa kuwapiga, akaamua acha wacheke.

Mbele ya watu alimwita Rodah "mzee". Wakiwa wawili tu alimwita "mama". Rodah aliitikia yote mawili.

Lakini uanaume una gharama zake. Bwana wa boma haingii jikoni. Hapiki, hateki maji, habebi kuni. Rodah, aliyesonga ugali wa harusi na wa matanga zaidi ya miaka thelathini, siku ya sherehe aliweka mwiko chini akashika fimbo, na tangu hapo hakuwahi hata kuchungulia kama maziwa yamechemka. Ungemwona ungedhani ni majivuno. Ilikuwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na jina. Iliitwa Kiplimo.

Kiplimo alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu Johana, mtu wa makamo mwenye kitambi, pikipiki na macho yasiyoshiba. Shamba lake lilipakana na la Rodah. Kama Rodah ni mwanamume, shamba lina mwenyewe na litakuwa na mrithi. Kama Rodah ni mwanamke tu, basi ndoa ni mchezo wa watoto, na chai inarudi kwa ukoo, na ukoo maana yake ni Kiplimo. Usinieleze habari za katiba. Katiba iko Nairobi, wazee wako hapa.

Kwetu sisi Wakipsigis, mwanamume husalimiwa "Subai" naye hujibu "Epa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya". Kila asubuhi Kiplimo alisimama langoni akapaza sauti isikike hadi barabarani: "Takwenya!" Rodah hakuitikia hata mara moja. Alitazama ng'ombe.

"Siku nitakuona umeshika mwiko, mama," Kiplimo alikuwa akimwambia, "hiyo siku naita wazee. Mwanaume gani anapika ugali?"

Mimba mbili za kwanza za Mongina zilitoka mapema, moja baada ya nyingine, na Kiplimo alikuja kutoa pole mara zote mbili akiwa amevaa shati safi. Ya tatu ilishika. Ilipofika mwezi wa tano, Mongina akiwa katikati ya michai na kikapu mgongoni, alihisi kitu cha moto kikiteremka miguuni. Alipoangalia, ilikuwa damu.

Hospitalini walimpiga picha ya tumbo. Daktari, mama mmoja mpole, alimchorea kwenye kiganja cha mkono wa Mongina. "Kondo la nyuma limekaa chini sana, limeziba mlango wa mtoto. Ukibeba kitu kizito, ukiinama, ukijikaza, linaweza kubanduka. Likibanduka, damu haitakupa nafasi." Walimlaza mpaka damu ikakoma, kisha wakamwambia aende nyumbani alale. Aamke kwenda chooni tu. Mwezi wa nane arudi akae hapo hospitalini mpaka apasuliwe. Na akiona damu, hata tone moja, aje mbio.

"Nani atakusaidia kazi za nyumbani?" daktari akauliza.

"Mzee wangu."

Daktari alitabasamu, akasema wanaume wa namna hiyo siku hizi ni wachache.

Mongina aliomba kwenda kwa mama yake Kisii. Rodah alikataa. "Mtoto akizaliwa huko, Kiplimo atasema ni mtoto wa huko. Hapa ndio kwake." Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli Mongina hakubishana. Naye alilitaka shamba lile kwa ajili ya mtoto. Alikuwa amechuna majani ya wengine miaka mingi mno asijue maana ya kuzaliwa kwenye yako.

Basi akalala. Kulala bila usingizi ni kazi, tena ni kazi ngumu kuliko kuchuna. Alijua kila fundo la mbao za ukuta. Alisikia wachunaji wakipita na vikapu wakicheka, akawaonea wivu hadi kwa maumivu ya migongo yao. Wiki za kwanza wanawake wa kanisa walikuja, ingawa kanisa lilelile lilikuwa limemzuia Rodah meza ya Bwana kwa sababu ya ndoa yake. Walipika, wakafua, wakasali kwa sauti kubwa juu ya tumbo. Kisha mvua ikakolea, chai ikachipuka, na chai ikichipuka hakuna anayemkumbuka mgonjwa. Akabaki jirani mmoja, Jerusa, mke wa fundi wa kiwandani, watu waliotoka upande wa ziwa. Jerusa alikuja Jumapili na jerikeni za maji na maneno mengi, akapika, akafoka, akaondoka. Siku nyingine zote alikuwa kazini tangu alfajiri.

Rodah alitafuta msichana wa kazi. Alipatikana, akakaa siku chache, Kiplimo akamsimamisha njiani akaongea naye, na kesho yake hakuonekana. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Wa tatu hakukanyaga kabisa.

Siku ya kwanza bila mpishi, Rodah alikaa uani kwenye kiti chake, fimbo magotini. Mongina alikuwa kitandani. Jikoni kulikuwa na unga, maziwa, maharagwe na kuni kavu, na hapakuwa na mtu wa kuvigusa. Mmoja alizuiwa na daktari, mwingine alizuiwa na desturi. Kiplimo alikuja akaegemea lango, akatafuna muwa taratibu. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakumjua Rodah.

"Niamke kidogo tu," Mongina alisema kupitia ukutani. "Nipike uji tu."

"Lala."

"Mama, mtoto ana njaa."

"Usiniite mama. Lala."

Mongina aligeukia ukuta akalia. Siku ile alimchukia Rodah kwa roho yake yote, yeye na fimbo yake.

Mvua ya huku haina haya. Mchana ukigeuka tu inateremka na mawe yake, inapiga mabati hadi watu wawili chumba kimoja hawasikilizani. Kiplimo alikimbia kwake na koti kichwani. Njia ikawa tupu, ukungu ukafunika vilima. Ndani ya kishindo kile Mongina akasikia mlango wa jiko ukifungwa kwa ndani. Baadaye kidogo akasikia harufu ya moshi. Kisha Rodah akatokea mlangoni amelowa chapachapa, ameficha kikombe ndani ya koti.

"Kunywa haraka. Mvua ikiisha, moshi unaonekana."

Ulikuwa uji wa wimbi wenye maziwa, laini, bila donge hata moja. Mongina alikuwa hajawahi kuonja mapishi ya Rodah. Alikunywa hadi akalamba kikombe.

"Kumbe unajua kupika."

"Nilikuwa mwanamke," Rodah alisema, kama mtu anayesema aliwahi kuishi Nakuru.

Tangu siku ile wakawa wanakula mvua ikitaka. Mawingu yakikusanyika upande wa Kipkelion, Mongina alianza kumeza mate. Mvua ikipiga mabati, Rodah alikuwa jikoni. Alipika, alifua, alimwaga beseni, alimkanda Mongina miguu iliyovimba kwa samli. Mikono yake ilikuwa migumu na yenye haraka, ikajua pa kushika. Na kabla hajatoka aliinama juu ya tumbo, akalisalimu kama anavyosalimiwa mwanamume.

"Subai, Johana!"

Na mtoto, usiniulize vipi, alipiga teke.

"Amejibu," Rodah alisema, akacheka hadi pengo likaonekana. "Umeona? Huyu ana adabu kushinda yule wa langoni."

Mongina alimpenda siku hizo. Hakuwahi kupenda mtu hivyo, wala hakujua aliite jina gani pendo hilo, kwa hiyo hakuliita. Alimwita mama tu, na mvua ilipokuwa kubwa alimwita kwa sauti.

Kisha, mimba ikiwa ya miezi saba, mvua ikakata. Anga likawa jeupe kutoka asubuhi hadi jioni. Chai ikadumaa, na vumbi jekundu likalala juu ya majani. Rodah alimletea maziwa ya kibuyu, maana hayahitaji jiko, na ndizi mbivu. Hata usiku hakuthubutu kuwasha moto, maana mwanga ungeonekana kwenye nyufa za jiko. Jerusa aliacha githeri ya mahindi na maharagwe Jumapili, ikachacha. Mongina alikonda mikono, tumbo likabaki peke yake. "Vumilia," Rodah alimwambia. "Ukifika mwezi wa nane unaenda hospitali, utakula mpaka uchoke." Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tunavyofundishwa. Hawatuambii wanaooza wakingoja ni wangapi.

Kiplimo naye alikuwa akitazama mbingu. Mtu mbaya huwa si mjinga, hilo ndilo tatizo lake. Alikuwa ameshaona moshi mwepesi kwenye mabati yaliyolowa, akaelewa. Akangoja siku yenye jua kali kuliko zote, akaja na wazee wawili, mmoja wao arap Sigei, ambaye neno lake kwa mambo ya mashamba lilikuwa la mwisho.

"Tumekuja kuona boma," arap Sigei alisema. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mzee aliyetolewa kwake na maneno mengi, akataka yaishe.

Walipewa viti uani. Waliongea habari ya ng'ombe, wakaongea habari ya jua. Kisha wakanyamaza. Katika nchi ya chai, mgeni akinyamaza hivyo kila mtu anajua anangoja nini. Nyumba isiyotoa chai si nyumba.

"Tutakufa kiu katikati ya chai?" Kiplimo alisema kwa upole, akichekacheka. "Mama, si uingie jikoni utupikie tu? Mke ni mgonjwa, tunaelewa. Hakuna mtu atakulaumu."

Huo ndio mtego, na ulikuwa na milango miwili. Rodah akishika sufuria, shamba limekwenda. Mongina akiamka, huenda mrithi akaenda, na shamba litafuata polepole. Kiplimo alikuwa ameketi vizuri, miguu ameinyoosha. Ungechagua mlango wowote, yeye angepata.

Mongina alisikia yote kupitia mbao. Alisikia fimbo ya Rodah ikigonga udongo, ikanyamaza, ikagonga tena. Aliomba mvua. Aliomba wingu moja tu, la kupita. Akajiambia, mama hataniita. Ataingia jikoni, ataacha hili shamba liende, tutachuna chai ya watu sisi watatu, haidhuru.

"Mongina!" Rodah aliita. "Kuna wageni."

Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo Mongina hajalisamehe hadi leo.

Aliamka. Chumba kilizunguka kwanza, maana miguu ilikuwa imesahau kazi yake. Alifunga leso nyeusi kiunoni, akaingia jikoni. Pipa lilikuwa tupu, ikabidi ainue jerikeni. Aliinama kupuliza moto, akapuliza tena, kuni zikashika. Alimimina maziwa, akatia majani, akangoja ichemke mara mbili kama wazee wanavyopenda. Akatoka na sinia, akapiga goti kwa kila mmoja.

"Pole, mke wetu," arap Sigei alisema alipoliona tumbo.

"Asante, mzee."

Alipompa Rodah kikombe alimtazama usoni. Rodah alitazama ng'ombe.

Alikuwa amerudi mlangoni mwa jiko alipohisi kile kitu cha moto. Alishika mwimo wa mlango. Hakikuja kidogo kama mara ya kwanza. Kilikuja kama mtu aliyefungua mfereji. Angeweza kupiga kelele. Alifungua mdomo kabisa. Lakini akawaza, wamalize chai tu. Nikipiga kelele sasa wataona mke asiyeweza, watasema nyumba imevunjika, na nimeamka bure. Wamalize tu, waondoke, halafu mama anipeleke.

Kiplimo aliinua kikombe chake. Kutoka alipokaa aliona kizingiti cha jiko vizuri, na aliona miguu iliyosimama juu yake. "Chai tamu," alisema. "Mke wetu, hebu ongeza."

Mongina aliongeza. Alitembea hadi pale akammiminia, na alipogeuka kulikuwa na nyayo zake nyuma, nyekundu juu ya vumbi jekundu, kwa hiyo mzee mwenye macho ya uzee hakuona kitu.

"Nimetosheka," arap Sigei alisema, akaweka kikombe chini. "Mzee amekaa, mke amepika. Hii ni nyumba kama nyumba zingine. Kiplimo, usitusumbue tena na hii maneno."

Mongina aliisikia hukumu yote. Alitaka kufurahi, na nadhani kwa muda mfupi alifurahi. Kisha akaanguka kizingitini, sinia likalia juu ya mawe.

Rodah aliacha fimbo. Aliruka ndani ya jiko mbele yao wote akambeba Mongina mikononi, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa mwanamume kumbeba mkewe si kosa. Lori la majani lilikuwa kwenye kituo cha kununulia chai. Dereva aliwasha injini. Walimlaza Mongina juu ya magunia ya majani mabichi, na majani mabichi yakishindiliwa huwa yanatoa joto, hivyo alilala juu ya joto, na joto lingine likimtoka, hakujua lipi ni lipi. Barabara iliwarusha. Rodah alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo.

"Subai, Johana," alikuwa akisema. "Subai. Subai, baba. Jibu basi. Subai!"

Mpaka hospitali ya Bomet mtoto hakujibu.

Madaktari walifanya yaliyowezekana. Mtoto alikuwa wa kiume, na alitoka bila sauti. Damu ilipokataa kusimama waliutoa mfuko wa uzazi ili wamwokoe mama yake, wakamwokoa. Yule daktari mpole alikuja mwenyewe kumwambia, akamshika mkono wenye kile kiganja alichokichorea. Mongina aliuliza kama mtoto alikuwa na nywele. Alikuwa nazo.

Rodah alimchukua mtoto akamzika pembeni ya michai. Habari za huko Mongina alizipata kwa Jerusa, aliyekuja wodini macho yamevimba, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Kiplimo alikutana naye njiani akitoka kuzika," Jerusa alisema. "Alivua kofia. Akamwambia Subai."

Mongina alimtazama. "Na mzee?"

Jerusa alinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

"Alijibu nini, dada?"

"Alijibu Epa."

Siku iliyofuata Rodah mwenyewe akaja. Kitanda cha pili kilikuwa kimeachwa wazi asubuhi hiyo, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Hakuwa na fimbo. Alikuwa na chupa ya chai iliyofungwa kwa leso, ameibeba mgongoni kama wanawake wanavyobeba. Alifungua, akamimina kikombeni. Ulikuwa uji wa wimbi wenye maziwa.

Mongina alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto.

"Mvua imenyesha huko?"

"Bado," Rodah alisema.

"Nani amepika?"

"Ni mimi." Rodah alifunika chupa. "Mchana. Mlango ulikuwa wazi. Watu walipita, wakaniona."

"Kiplimo?"

"Alikuwa langoni. Hakusema kitu."

Aseme nini? Hakuna mrithi, na hatakuwepo. Kiplimo sasa ana kazi moja tu, kungoja mtu mzee afe, na hiyo ni kazi ya kukaa.

"Kunywa, mtoto wangu," Rodah alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha yatoke. "Kunywa, sasa naweza kupika siku zote."

Mongina alikitazama kikombe. Uji ulikuwa laini kama zamani, bila donge, na njaa alikuwa nayo. Alikirudisha mikononi mwa Rodah taratibu, usimwagike.

"Wapelekee wageni, mzee," alisema, akageukia ukuta.